Filimbi Yenye Kiu

Haya sikuhadithiwa, niliyaona kwa macho yangu, maana aliyeshikwa ni mimi. Mwaka ule wa vita, pale kivukoni Ndundu, askari walimkamata kila aliyebeba maji kibuyuni, wakidhani ni dawa ya Ngarambe ya kugeuza risasi kuwa maji. Na mimi nina kibuyu, ndani nimeloweka filimbi yangu ya bati. Filimbi hizi rahisi zina kizibo cha mti mdomoni. Jua likikikausha kinasinyaa, pumzi inavuja, hazilii mpaka ziloweshwe.

“Maji ya nini?” askari akauliza.

“Ya filimbi, bwana.”

“Filimbi nayo ina kiu? Haya, ipulize. Isipolia, utakwenda na kamba shingoni.”

Mimi, bingwa wa ngoma zote za Kibiti, nikapuliza. Ikatoka sauti ya kuku aliyekabwa.

Bibi mmoja nyuma yangu akasema, “Mwache, mwanangu. Mwenye dawa hatetemeki hivyo.”

Askari akacheka mpaka akaegemea bunduki yake, akaniachia. Wenzangu wanasifu ushujaa; mimi nauombea dua woga wangu. Ila hilo la kupuliza nimelitunga. Filimbi haikufika mdomoni. Sauti ile ilikuwa yangu.