Nilivyoibishia Barua ya Balozi

Nawasimulia mwenyewe kwa sababu Mama Kezia ameshawasimulia wengine na akaongeza chumvi, kwa hiyo bora aibu yangu niitoe kinywani mwangu kama ilivyokuwa, ingawa mpaka leo sijaielewa vizuri, wala sijui siku ile nilishinda au nilishindwa.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijijini, huku Kitahana. Wazazi walikuwa wameshafariki, mimi ndiye mkubwa, niliacha shule darasa la nne nikabaki na wadogo zangu, Emeriana na Anisia. Anisia alikuwa mwembamba, kila wiki anaugua, na mganga wa zahanati alisema mtoto huyu bila maziwa hatainuka. Maziwa ya kununua sikuyaweza, nikaona njia ni moja tu, nigabiwe ng'ombe (yaani mwenye mifugo anakupa ng'ombe umtunze, maziwa na samadi ni vyako, ng'ombe ni wake, na akifa unampelekea ngozi ili ajue kweli amekufa, hukumuuza).

Mzee Ntakije wa Kasulu alikuwa na ng'ombe kwa watu wengi upande wetu. Akakubali, ila akataka kwanza barua ya balozi wa nyumba kumi, ieleze mimi ni mtu wa namna gani, kwetu tumewahi kupewa nini na tulirudishaje. Siku yenyewe akaja, tukakaa uani kwa balozi pamoja na watu kama kumi na tano hivi (sijui waliitwa na nani), balozi akavaa miwani akasoma.

"Zakaria ni kijana wa bidii. Halewi. Jembe la kuazima hulirudisha likiwa limeoshwa."

Nikanyoosha mgongo.

"Ila marehemu baba yake aligabiwa ng'ombe Bihogo na Mzee Ntakije, akasema amekufa, ngozi haikuonekana. Inasadikiwa alimuuza Buhigwe."

Masikio yaliniwaka. Wakati Bihogo anakufa mimi nilikuwa mdogo, nachunga mbuzi kwa babu, lakini nilimsikia mama akisema ngozi imepelekwa, au itapelekwa, sasa nikifikiri sikumbuki alisema lipi. Na hapo ndipo palikuwa pa kunyamaza, maana Mzee Ntakije alikuwa ameshapunga mkono.

"Ya baba yake yaacheni," alisema. "Kijana namwona mwenyewe."

Ng'ombe alikuwa wangu jamani! Nikasimama.

"Hapana, baba. Barua ina kosa, ifutwe. Ngozi ilirudishwa."

"Kwa nani? Mimi sikuipokea."

"Basi... kwa ndugu yako."

"Sina ndugu."

Watu wakacheka. Mwenye akili zake angekaa chini, lakini mimi kila walipocheka nilizidi kumwona baba yangu anaitwa mwizi, nikapaza sauti: "Twendeni kwangu mkapekue! Mkikuta hata unywele mmoja wa Bihogo, nisipewe ng'ombe maisha yangu yote!"

"Eeh, kaapa!" akasema Mama Kezia, jirani yangu, ambaye alikuwa ameshasimama na kujifunga kanga. "Twendeni, njia naijua."

Tukaenda, mimi mbele nikitembea kama mkuu wa wilaya, wote nyuma, na njiani walizidi kuongezeka. Tulipoingia uani Emeriana akatoka jikoni akikimbia.

"Kaka, usiwapitishe hapo! Anisia amekojoa, nimeanika!"

Juu ya ua wa miti ilikuwa imetandazwa ngozi ya ng'ombe, nyekundu ya kukolea, inatiririka maji. Mzee Ntakije akaisogelea, akaigeuza upande wa paja, akaweka kidole kwenye chapa yake, alama mbili za chuma cha moto.

"Zakaria, hii ni nini?"

"Kitanda, baba."

Nisameheni, ndivyo nilivyojibu, na sikuwa na utani. Kwa miaka yote nilijua pale ndani kuna kitanda cha wadogo zangu, haikunijia hata mara moja kwamba kile kitanda ni ngozi na ngozi ina mwenyewe. Watu walicheka mpaka Mama Kezia akashika ua asianguke.

"Emeriana," nikamgeukia, "hii imetoka wapi?"

"Ya Bihogo. Baba aliikunja aipeleke Kasulu, akaugua. Mama akasema tuilalie mpaka apone."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, kaka."

Mzee Ntakije hakuondoa mkono juu ya ngozi. "Kwa hiyo Bihogo alikufa kweli," akasema. "Na mimi nikipita kwao nilikataa hata maji ya kunywa."

Balozi akatoa kalamu, amechanganyikiwa kama mimi. "Sasa niandike nini, mzee? Hakumuuza, lakini ngozi hakurudisha, na huyu naye anasema ilirudishwa."

"Andika ngozi imepokelewa leo. Ikiwa mbichi."

"Na kiapo chake?" Mama Kezia akachokoza. "Alisema unywele mmoja!"

Nilimtazama Anisia mlangoni, nikatamani dunia inimeze.

"Kiapo ni kiapo, huyu simpi," akasema Mzee Ntakije. "Nampa huyu anayejua mali za watu zilipo." Akamwonyesha Emeriana.

Basi ng'ombe akaja, Anisia akanywa maziwa, akanenepa mpaka akawa mkorofi. Kwenye barua mpya mgabiwa ni Emeriana, na chini, kwa mwandiko wa balozi, nimeandikwa mimi, mkata majani, na hilo sikulibishia. Nimeapa (kimoyomoyo safari hii) kwamba mtu akisoma habari za kwetu mbele za watu nikaona kosa, nitaomba ruhusa kwanza, niende nikamuulize Emeriana.