Nilivunja Uchumba wa Dada Yangu kwa Mlio wa Gari Jipya

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na Wandera nitajaza karatasi nzima nikimlaani, na mwisho mtasahau kwamba mkosaji wa kwanza ni mimi.

Kaa karibu, msomaji. Haya sijamwambia hata padri.

Miaka ile ya kahawa ya kuvushwa mpaka usiku, mtu yeyote aliyeishi Busia au Malaba anaikumbuka. Pesa ilitembea! Mimi nilikuwa na duka la magunia matupu na kamba pale Busia, na wateja walinunua mchana kutwa. Magunia yalikwenda kujazwa nini, sikuuliza, na wewe tafadhali usiniulize. Nilichojua ni kwamba siku moja nilipanda basi kwenda Kisumu, na nikarudi nikiendesha gari jipya.

Tena si gari la kubebea kabichi! Lilikuwa gari dogo la mbio, rangi ya chungwa, kabureta mbili, ile aina ambayo vijana wakiiona kwenye mashindano ya magari ya Pasaka wanapiga mayowe. Jina lake siandiki. Waliokuwako Busia wanalikumbuka bila mimi kulitaja.

Aliyeniuzia alinionya kabla hajanikabidhi ufunguo. "Mzee, hii injini bado imekaza. Maili elfu ya kwanza usiikimbize. Usipite hamsini. Na usikae kwa mwendo moja tu, panda kidogo, shuka kidogo. Ukiivumilia sasa, itakuvumilia miaka mingi."

Akabandika kadibodi kwenye kioo cha nyuma, imeandikwa kwamba gari ni jipya, wenye haraka wapite. Siku hizo kila gari jipya lilivaa kadibodi ya namna hiyo, na wengine waliiacha hata mwaka mzima ili majirani wasisahau.

Sasa, uvumilivu mimi sina. Mama alisema nilizaliwa kabla mkunga hajafika. Nikaona gari hili nikilizoesha mwenyewe nitaliua, basi nikampa Okisai.

Okisai alikuwa rafiki yangu, Mteso wa Amagoro, dereva wa lori la pamba, mtu mpole asiyejua hata kutukana. Na alikuwa mchumba wa dada yangu Ajiambo. Baba yetu alikwisha kufa, kwa hiyo mimi kifungua mimba ndiye niliyekaa kwenye kiti chake. Ng'ombe wa mahari ya Ajiambo wangepokelewa na mimi. Ndiyo au hapana ilitoka kinywani mwangu.

Kila jioni Okisai akishaegesha lori lake, alichukua gari langu na kulitembeza Busia hadi Malaba na kurudi. Panda kidogo, shuka kidogo, kama alivyoagizwa. Ilikuwa kichekesho! Baiskeli za boda zilimpita, abiria amekaa nyuma na kuku wake mapajani. Watu wa sokoni walimpigia kelele, "Okisai, shuka usukume!"

Yeye alicheka tu. "Chekeni. Hii gari si yangu. Ikiharibika, nitamwangalia shemeji na macho gani?"

Shemeji ni mimi. Alizoea kuniita hivyo hata kabla ya ng'ombe.

Basi Jumapili moja walinijia marafiki wawili wa biashara kutoka Kisumu. Nikawapakia, nikaanza kwenda hamsini, kama mtoto mtiifu. Tulipofika Matayos mmoja wao akanigonga bega. "Boss, hii ni gari ama ni mkokoteni?"

Ah, kiburi! Nilisimama, nikabandua ile kadibodi, nikaitupa chini ya kiti. Nikakanyaga mafuta mpaka mguu ukagusa bati. Msomaji, utamu wa gari lile! Sindano ilipita themanini na bado ilikuwa inapanda. Karibu na Bumala kuku alivuka barabara. Nilisikia kishindo kidogo mbele. Sikusimama, hata mguu sikuuinua, na wageni wangu walicheka mpaka machozi.

Jioni nilirudisha kadibodi mahali pake, nikalala usingizi mzito.

Asubuhi nikawasha gari uani. Kulikuwa kimya, kuku hawajaanza fujo. Na hapo ndipo nilipousikia mlio. Tik-tik-tik-tik, kutoka ndani kabisa ya injini. Nilikanyaga mafuta kidogo, ukaharakisha. Nikaachia, ukapungua, lakini haukukoma.

 Nimeliua! Gari la jasho langu, kabla hata maili elfu hazijaisha!

Nililipeleka polepole kwa Wandera. Huyu ni mtoto wa baba yangu mdogo, tulikula sahani moja, tukachapwa kwa fimbo moja. Alikuwa na gereji yake nyuma ya soko la ng'ombe, na magari makubwa makubwa yaliletwa kwake. Alifungua boneti, akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio, akafumba macho. Alisikiliza kwa muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nalizunguka gari, situlii.

"Ndugu yangu," akasema, "pole. Hii gari imekimbizwa ikiwa bado mbichi. Injini imekwisha."

Akafunga boneti, akanigeukia.

"Nani anaendeshanga hii gari?"

Hapo, msomaji! Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema, "Jana nilikuwa mimi." Maneno matatu tu. Lakini mdomo ukasema, "Okisai."

"Basi," Wandera akapiga kofi. "Nilitaka kukuambia lakini nikaogopa, juu ni rafiki yako. Mimi nilimwona kwa macho yangu pale Amagoro. Anapita kama risasi, na wasichana wamejaa kwa gari."

Niliamini? Nilitaka kuamini! Mzigo ulinishuka mabegani. Kumbe si mimi! Kumbe gari lilikuwa limekufa kabla ya Jumapili yangu! Nilimshukuru Wandera, nikamnunulia soda, nikarudi dukani nikiwa na hasira nzuri ya mtu aliyeonewa. Baiskeli zilizokuwa zikimpita Okisai, kicheko cha soko zima, vyote nilivisahau.

Na sikumwita Okisai tukazungumza wawili kama marafiki. Hapana. Nilimweka akiba. Nilingoja siku wazee wake walipokuja nyumbani kwetu, upande wa Funyula, kupanga habari za ng'ombe.

Walikuja wamevaa makoti, wameleta mbuzi na furaha yao. Waliketi. Salamu zikaenda na kurudi. Mjomba wake alipomaliza kueleza wamekuja kwa nini, nikasimama.

"Nilimpa kijana wenu gari atunze," nikasema. "Amelikimbiza na wasichana mpaka injini imekufa. Mtu aliyeshindwa kutunza bati la wenyewe, nimpe dada yangu?"

 Okisai, aliyeketi nyuma ya wazee wake, aliinuka polepole, kofia mkononi.

"Shemeji, mimi sijawahi pita hamsini na hiyo gari. Hata siku moja. Kama kuna siku ilikimbia, haikuwa na mimi."

Akaniangalia. Hakunitazama kwa ukali. Alikuwa ananipa nafasi, sasa najua, lakini wakati ule nilimwona jeuri. Nikasema, "Unaniita mwongo ndani ya nyumba ya baba yangu?"

Mjomba wake akachukua fimbo yake. Wakaondoka na mbuzi wao. Ajiambo alitokea mlango wa jikoni na birika la maji ya kunawa mikono, akakuta viti vitupu. Alisimama pale kidogo, kisha akarudi ndani na maji yake. 

Gari nilimwuzia Wandera kwa bei ya kutupa. Yeye mwenyewe aliniambia litanoki, yaani injini igonge na kukwama, wakati wowote, afadhali alichukue atoe vipuri. Nikamwona ni mtu wa huruma!

Halikunoki. Wiki zikapita, miezi ikapita, gari la rangi ya chungwa likapita mbele ya duka langu, tik-tik-tik, limepambwa maua, linabeba mabibi harusi wa watu. Nilipouliza, Wandera alisema, "Nilibadilisha vitu mingi huko ndani, ndugu." Nikasema ndiyo, huyu ni fundi hasa.

Sasa sikia jinsi Mungu anavyofunua mambo. Siku moja nilikuwa Malaba na mzigo wa magunia, tunangoja kwenye foleni ya mpakani. Mbele yangu kulikuwa na gari kama lile langu, jipya, kadibodi bado iko kwenye kioo. Mwenyewe alikuwa daktari wa Mumias, anaendesha peke yake. Nikasogea. Tik-tik-tik-tik! Ni mlio uleule! 

Nikamwonea huruma ya kweli. Nikainama dirishani. "Pole sana, daktari. Kuna mtu amekukimbizia gari."

"Nani?" akashangaa. "Hii haijatoka kwa mkono yangu."

"Lakini hiyo sauti..."

Daktari alicheka mpaka akazima injini. "Mzee, hii imelia hivyo tangu dukani. Ile ingine nilikuwa nayo ililia hivyo miaka yote mpaka nikauza. Ni tapeti hizo, vyuma vidogo vya kusukuma vali, injini ya mbio inaachiwa nafasi kidogo pale juu. Siku itanyamaza, hiyo siku ndio nitaogopa."

Foleni ikasonga, yeye akavuka. Mimi nilibaki nimesimama barabarani, lori linanipigia honi.

Tangu dukani! Yaani gari langu lilikuwa likilia hivyo siku zote, ila mimi sikuwa nimewahi kutega sikio. Nilianza kusikiliza asubuhi ile tu, kwa sababu dhamiri ilikuwa inanisuta!

Nilimwendea Wandera siku hiyohiyo. Nilimkuta ananawa mikono kwa petroli, gari langu liko nyuma yake linang'aa. Nikamwambia ya daktari. Nilitegemea ataapa, atalia, atapiga magoti. Unajua alifanya nini? Alijipangusa kidole kimoja kimoja.

"Gari niliitaka," akasema. "Hiyo sitakuficha. Lakini ndugu, wewe ulikuja hapa unatafuta mtu wa kubeba makosa. Mimi nilikupa mtu. Mbona hukukataa?"

Mtoto wa baba yangu mdogo! Damu yangu! Nilimwamini kuliko macho yangu, naye akanitazama nikihangaika, akajua gari ni zima, akaniuzia uongo na kuchukua gari juu yake. Mpaka leo nikimwona kanisani nageuza uso. Tendo lile limenikaa kooni, halimezeki wala halitemeki.

Nilikwenda Amagoro. Okisai alikuwa amekwisha kuoa, mtoto anatambaa uani. Alinipa kiti, akaniletea chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Asante kwa kuja, mzee."

Mzee. Si shemeji tena. Nilikunywa chai ile kama dawa.

Nikabakiwa na Ajiambo. Nilimkuta anachambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Niliketi kando yake nikamweleza yote: mlio wa gari, daktari, uongo wa Wandera. Nilimlaani Wandera mpaka sauti ikakauka. Nilitaka tumchukie pamoja, yeye na mimi, upande mmoja.

Aliendelea kuchambua.

"Wandera alikudanganya wewe," akasema. "Mimi sikudanganywa na Wandera."

"Una maana gani?"

"Jumatatu ile ni mimi niliosha gari. Nilitoa manyoya ya kuku kwa ile wavu ya mbele. Ilikuwa mingi, na damu. Na kadibodi uliirudisha ikiwa imepinduka, maandishi inaangalia chini. Jumapili Okisai alikuwa kanisani na mimi, mchana wote."

 Alijua! Siku zote hizo alijua!

"Mbona hukusema, Ajiambo? Mbele ya wazee, neno moja tu!"

Ndipo akaacha ungo, akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu, na naomba nisitazamwe tena.

"Nikuaibishe mbele ya wageni, wewe uliyenisomesha? Nilikuwa nyuma ya mlango na maji ya kunawa. Nilisikia Okisai akikuachia nafasi. Nikasema moyoni, huyu ni ndugu yangu, sasa atasema. Nikangoja. Nilingoja mpaka nikasikia viti vikisogezwa."

Akarudi kwenye omena zake.

Ajiambo bado yuko nyumbani. Ananipikia, ananisalimu kwa heshima, hajawahi kunikosea adabu. Gari la rangi ya chungwa bado linapita Jumamosi likibeba mabibi harusi, na likipita yeye huingia ndani.

Nimemlaumu Wandera miaka hii yote, na sitaacha leo. Lakini ule uchumba ulikuwa mkononi mwangu, si mwake. Wewe unayenunua gari jipya, ukiisikia injini inagongagonga usikimbilie kutafuta nani ameliharibu. Muulize aliyekuuzia, halafu jiulize mwenyewe ulikuwa wapi Jumapili. Na kama kuna mtu wako amesimama nyuma ya mlango, anangoja useme ukweli, useme! Useme kabla wageni hawajainuka!