Siku Nilipolikataa Jiwe la Mzee Temu

Nimejifunza mwenyewe, kwa video za simu, kupima mawe yaliyoanguka kutoka angani, na kila nikipima narudia mara mbili tatu nisikosee. Wiki iliyopita Mzee Temu, muuza vitenge wa jumla Kariakoo, aliniita nyumbani kwake Mchafukoge. Mkusanyaji mmoja wa mawe hayo alikuwa njiani kuja kununua jiwe lake, na mzee alitaka neno langu kwanza.

Mtu mwingine angepima tu. Mimi nikaona vumbi. Nikaenda kulisugua bafuni, nikaliacha kando ya ndoo lichuruzike maji, nikarudi kutandika taulo mezani, kisha nikalifuata.

Jiwe la angani huwa na chuma, lakini sumaku haikulishika. Nikajaribu tena, na tena. Lilikuwa jepesi, limejaa vitundu.

"Mzee, hili halijatoka angani," nikasema. "Hili ni la volkano."

"Dogo, una uhakika?"

"Asilimia mia."

Akashusha pumzi, akapiga simu: "Kaka, geuza tu. Jiwe feki."

Nilikuwa bado namweleza ujanja wa matapeli wa mawe, pale mama yake, bibi aliyekuja kumtembelea kutoka Moshi, alipotoka bafuni akichechemea, mguu mmoja umejaa povu.

"Nyie, nani kanichukulia jiwe langu la kusugulia miguu? Hili mliloniachia zito kama nini, na linanichuna kisigino!"

Akalibwaga mezani. Sumaku yangu ikalirukia yenyewe, ta! Ikang'ang'ania hapo, mbele ya mzee.