Damu Iliyoshikana kwa Baridi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpimaji damu katika maabara ya hospitali moja ya Gisenyi. Asubuhi moja ya mvua aliletwa mama kutoka Bugeshi, amejifungua njiani na damu haikomi. Kaka yake alijitolea kumpa yake. Makundi yao yalilingana, lakini nilipochanganya damu zao kidogo kwenye kioo, zilishikana mabonge. Damu ya namna hiyo inaweza kumuua mgonjwa.

"Damu yangu iko mubaya?" kaka aliniuliza mlangoni.

Hakukuwa na mtu mwingine wa kutoa. Ndipo nilipohisi kile kioo kilivyokuwa baridi. Umeme ulikuwa umekatika, mashine ya kupashia vipimo joto imezimika, na chumba kizima kilikuwa baridi kama nje. Nilijua kwamba damu za baadhi ya watu hushikana penye baridi tu, na kwenye joto la mwili hazina shida. Lakini je, kama nilikuwa najidanganya kwa kuwa nilitaka yule mama apone?

Nilimimina maji ya moto ya termosi kwenye bakuli, nikayapoza mpaka kipimajoto kikaonyesha joto la mwili, nikarudia kipimo kwa kioo nilichokipasha humo. Daktari alikuja akasimama nyuma yangu.

"Bon, unaona nini?"

"Mabonge yameisha. Angalia na wewe, Dokta."

Aliinamia hadubini, akakikagua kioo.

"Tumupe," alisema.

Tulimtundikia mama damu ya kaka yake polepole, amefunikwa mablanketi. Nilisimama kando ya kitanda nikiogopa asije akaanza kutetemeka, dalili ya mwili kuikataa damu. Hakutetemeka. Jioni aliomba aletewe mtoto anyonye.