Farao wa Darasa la Tano

Juzi binti yangu alirudi na kazi ya nyumbani: taja matabaka ya jamii ya Misri ya kale. Nilimtajia yote bila kufungua kitabu, kisha mgongo ukaniwasha. Wewe uliyesoma enzi za fimbo utanielewa, ndugu yangu. Misri hiyo sikuisoma tu, ilinichapa, shuleni pale Wazo, jirani na kiwanda, vumbi la saruji likitua hata kwenye uji.

Mwalimu wa historia hakupenda ubao. Alitutazama miguuni, akatugawa. Mtoto wa mwenye duka, mwenye viatu vya ngozi, akawa Farao, akawekewa meza nje ya darasa akae juu yake ale maandazi. Wenye raba wakawa makuhani na waandishi, na mwandishi, alisema mwalimu, hapigwi. Viranja wakawa askari, wakapewa fimbo za mpera. Sisi wa ndala tukawa wakulima. Nile ikifurika, alitufundisha, shamba halilimiki, kwa hiyo mkulima anakwenda kumjengea mfalme. Shule ilikuwa inajenga vyoo, basi Nile ikafurika muhula mzima. Tulibeba tofali kichwani, mwalimu yuko kwenye chai, askari wanatuchapa kama punda. Niliwachukia, na bado nawachukia.

Niliketi dawati moja na msichana mwembamba, hodari kuliko sote. Mama yake alikaanga mihogo getini, ya pilipili na ndimu, na kila asubuhi alimwambia, "Soma, mwanangu. Kuungua na mafuta nimeshaungua mie."

Siku moja msichana aliangusha tofali, likavunjika.

"Mpigeni!" Farao akaamuru, mdomo umejaa andazi.

Askari wawili walimpiga mpaka sikio likatoa damu. Mama akaona kutoka getini. Alikuja mbio na mwiko wake wa chuma, akawacharaza askari mpaka fimbo zikawatoka, akamvuta Farao mguu, akamwangusha chini, akamzaba makofi, pua ikachuruzika damu.

"Nani kawaambia mwanangu punda wenu?"

Wakulima wote tulishangilia. Sijawahi kufurahi vile.

Kesho yake, kwenye paredi ya asubuhi, mwalimu mkuu alimwita mama mbele: apige magoti amwombe radhi mtoto wa mwenye duka, la sivyo binti yake hana shule.

"Nikipiga, atasoma?"

"Atasoma."

Akakaza khanga, akapiga magoti mchangani. "Nisamehe, baba," alimwambia mtoto yule. Binti yake alisimama karibu yangu, pamba sikioni, akitazama bila kupepesa. Paredi ilipovunjika msichana hakuingia darasani, alitoka getini, akaenda zake.

Vyoo vile vimeshabomolewa, uwanja umewekwa vitofali vya pevingi, viboko vimepungua. Tuliosoma pamoja tukikutana, wenzangu hucheka wakikumbuka Misri yetu. Mimi nashindwa. Nyumba yetu ilitazamana na ya kina msichana, kwa hiyo jioni ya siku ile ya paredi niliona yaliyofuata. Mama alimbembeleza arudi shule, akamchapa, akalia. Mwisho alipiga magoti tena, safari hii mbele ya mwanawe.

"Mama, inuka," msichana alisema. "Pale mie siendi tena."

Akamwinua, akamfuta mchanga magotini, akakaa kwenye kigoda cha mama yake na kuanza kumenya mihogo ya kesho.