Njiwa Ndani ya Tangi

Mama ndiye aliyehisi kwanza, maana pua yake uzee haujaigusa. Alitoka kutia udhu, mikono bado inachuruzika, akaniambia, "Mwanangu, maji haya yana vumba." Nikamwambia labda ni mabomba. Jengo letu la Darsait, huku Uarabuni, ni la zamani.

Nikapiga simu kwenye kampuni inayolisimamia. Fleti ni zetu wenyewe, lakini lifti, ngazi, paa na tangi la maji vimo mikononi mwao. Ofisa wao, mtoto wa nyumba zinazosema Kiswahili kama yetu, akanijibu kwa sauti tamu: "Inshaallah kesho." Kesho ikazaa kesho. Hatimaye wakaleta mtu, akamwaga dawa ya klorini tangini bila ya kutazama kilichomo, akenda zake. Maji yakawa yananuka uvundo na dawa pamoja, na mama akaanza kuwashwa mikono.

Mimi na jirani yangu, mwalimu wa ghorofa ya juu, tukapanda paani baada ya Alasiri. Mfuniko wa tangi ulikuwa umelala kando, umepasuka. Nikachungulia. Njiwa walikuwa wanaelea, wamevimba, mmoja keshafumuka, na manyoya yametanda juu ya maji kama utando wa maziwa. Jirani akageuka, akatapika. Mimi nikabaki nimeshika ukingo, nawaza chai ya asubuhi, wali wa jana, mswaki.

Nilipompelekea ofisa picha ya njiwa wale, siku hiyo alikuja mbio. Akamwamkia mama kwa adabu, akaketi, kisha akasema picha ile huenda ni ya jengo jingine. Nikenda jikoni, nikafungua bomba, nikamwekea gilasi mbele yake.

"Basi karibu maji."

Akaitazama gilasi. "Samahani, leo nimefunga."

"Allah akutakabalie, mwanangu," mama akamwambia, na alisema kwa moyo wake wote.

Hata nusu saa haikupita. Niliteremka kununua maji ya chupa, nikamkuta yule ofisa mkahawani chini ya jengo, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, anatafuna chapati. Aliponiona akatabasamu. Kinyaa kilichonishika pale kilipita kile cha paani. Njiwa wale walikufa tu. Hawakumtania mama yangu kwa dua yake.

Tangi tulilisafisha wenyewe, mwalimu na mimi, vitambaa puani. Siku ya pili kampuni ikawatumia wakaazi wote ujumbe wa kuwashukuru kwa subira na kuwaarifu kwamba imeshasafisha tangi. Picha waliyoiweka ilikuwa ile aliyoipiga mwalimu tulipomaliza, akaituma kwenye kundi la simu la wakaazi. Hapo hata majirani waliokuwa wakisema "tusigombane na watu" wakachoka. Wenye fleti tukakutana, tukaifukuza kampuni.

Lakini mama, ambaye ile picha ya njiwa sikumwonyesha, ilibidi nimwambie. Nilizunguka maneno, yeye akanikata.

"Sema. Mlikuta nini humo?"

Nikamwambia. Hakulia, hakumlaani mtu. Akakiangalia kiganja chake, akakigeuza.

"Kwa hiyo sala zangu zote hizo nimesali na najisi."

Nikamwambia Mungu anajua kwamba hakujua. "Yeye anajua," akasema, "na mimi sasa nnajua." Akaniomba maji ya chupa, akatawadha pole pole juu ya beseni, akavuta kiti chake hadi kwenye msala, akaanza kuzilipa sala zile moja moja.