Familia Inajua

Kila Jumamosi alasiri niliegesha gari la waajiri wangu kwenye kivuli cha ukuta wao, mtaani Al-Malqa, Riyadh, nikisubiri kocha aongee. Mechi zenyewe hazikuonyeshwa. Wanafunzi wa chuo anachosoma mdogo wangu kule Kenya walirusha mahojiano tu baada ya filimbi ya mwisho, kwa simu, upepo ukivuma kuliko maneno.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, anasoma kwa ufadhili wa mpira. Asipocheza, hasomi. Mimi niliacha shule darasa la saba tulipobaki bila baba wala mama, na kati ya wale niliowalea ni yeye peke yake aliyefika chuo. Sasa kwa wiki tano jina lake halikutajwa kwenye kikosi. Nikimuuliza anasema, "Niko poa, kaka. Kocha anabadilisha tu wachezaji."

Basi nikamtegemea kocha. Kocha naye!

"Kocha, mechi umeionaje?"

"Kwanza tumshukuru Mungu. Vijana wamejituma. Nafasi tulipata, hatukuzitumia. Tunarudi mazoezini."

Wakifungwa tatu bila, anashukuru. Wakishinda, maneno yale yale, na hakuna anayemuuliza la pili. Mlinzi wa geti, Mkenya mwenzangu, alikuwa ameyakariri. Akiniona na simu anatoa kifua mbele: "Vijana wamejituma, dere! Tunarudi mazoezini!"

"Niulizie kwa nini hamchezeshi ndugu yangu."

"Huyo? Hata ukimuuliza jina la mkewe atakwambia wanaangalia mechi ijayo."

Kisha familia iliyoniajiri udereva ikataka kwenda Jeddah, nikaendesha siku nzima. Jumamosi hiyo nilipata saa mbili za kupumzika, nikakaa kwenye mkahawa mmoja mtaani Sharafiya na chai ya maziwa. Mahojiano yalipoanza nikaandika swali chini yake, kwa herufi kubwa, na namba ya jezi ya mdogo wangu: NAMBA KUMI NA NNE YUKO WAPI? Mtangazaji, binti wa chuo, akalisoma kama lilivyo.

Kocha akajibu: "Yule ni goti. Muhula huu hachezi. Tumeshaongea naye, familia yake inajua."

Familia ni mimi.

Nikampigia mdogo wangu hapo hapo. "Goti limefanyaje?"

"Nani amekwambia?"

"Kocha."

"Kocha huwa anasema kitu?" Alicheka kidogo, akaacha.

"Mbona ulimwambia najua?"

"Ningekwambia ungelala, kaka? Na wewe ulilazwa kwa sababu ya mgongo, tukasikia kwa watu. Tukikuuliza, unasema kazi inaendelea vizuri, tuombeane."

Nikauliza kuhusu ufadhili.

"Mpaka mwisho wa muhula. Baada ya hapo, sijui."

Lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililopata kwa wiki tano. Madam, mwajiri wangu, akaanza kupiga kwenye laini nyingine, nikamwacha apige. Nikamuuliza mdogo wangu panauma wapi, daktari alisema nini, anapandaje ngazi za bweni. Akajibu yote.

"Chuo utamaliza," nikamwambia. "Hilo niachie mimi."

"Na mgongo?"

Karibu nimwambie uko sawa. Kesho yake tulikuwa na barabara nzima ya kurudi Riyadh.

"Unauma," nikasema. "Nikikaa sana kwenye usukani, unauma mpaka mguuni."